Upande Wetu wa Ikweta

Kyebando, Kampala
Machi 1991

Mpendwa kaka Wandera,

Pokea salamu zangu nyingi. Wifi na watoto hawajambo? Mgongo wa mama je, umepata nafuu? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua shemeji yako Okeny tangu atoke jeshini hakuwa akilala. Alisema watu aliowaua vitani husimama penye kitanda, nguo zikichuruzika maji. Kwao Uacholi, mtu akitoka vitani hukanyaga yai bichi mlangoni kabla ya kuingia nyumbani, ili wafu wake wabaki nje. Lakini njia ya kwenda kwao Gulu haipitiki siku hizi kwa sababu ya vita. Mimi na ujuaji wangu nikakumbuka lile chungwa ulilolizungushia uzi darasani, ukatuambia ikweta haionekani lakini inaigawa dunia nusu mbili. Nikamwambia Okeny kwamba hakuna mlango mkubwa kuliko huo. Alicheka, kisha akaenda soko la Owino kununua yai.

Jumamosi tulishuka Kayabwe, barabara ya Masaka, penye alama ya ikweta. Okeny akaweka yai juu ya mstari, akalikanyaga, akavuka kwenda kusini bila kugeuka. Tulilala Masaka kwa binamu yake Ochan, na mume wangu alikoroma mpaka asubuhi. Nililia kwa furaha, kaka.

Kesho yake tuliporudi, jirani yetu Apio alitupokea kwa lawama: "Wageni yenu iko huko nyuma tangu jana. Nguo yote maji, na inakataa chai." Walimwambia kwamba wameachwa hapa.

Okeny hakuuliza ni wageni gani. Nami nikaelewa tulipokosea. Yai hukanyagwa na mtu anayerudi kwao. Sisi tulilivunja tukiondoka. Tuliwaacha nje kweli, lakini nje yenyewe ni nusu hii ya kaskazini, yenye Kyebando, yenye Gulu, na yenye Bungoma kwenu.

Okeny alirudi Masaka siku ileile. Huko analala. Nami nilipanda basi kumfuata, nikasikia wakiketi kiti cha nyuma yangu, maji yakidondoka sakafuni. Nikashuka kabla ya ikweta, nisije nikampelekea wafu wake. Nampenda, kaka, na sidhani nitamwona tena.

Nisalimie mama na wifi. Wote walio hapa nyumbani wanakusalimu. Usishangae kwamba wanakujua. Nimekuwa nikiisoma barua hii kwa sauti ninapoandika, nao wameniuliza Bungoma ni mbali kiasi gani.

Dada yako akupendaye,
Nabangala