Mgomba Mlionizikia

Bugembe, Jinja

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mtu maarufu kuliko wote mashariki mwa Uganda. Wakubwa wengine husubiri wafe ndipo waliliwe; mimi nimeliliwa, nimezikwa, na asubuhi bado nakanda unga wa chapati. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha mdogo wangu Nambuya, kimepona?

Habari za msiba wangu nimezipata kwa jirani yetu, yule muuza vitunguu. Alishuka kwenye basi hapa kununua chapati, akaniona, akapiga kelele mpaka bodaboda wote wakageuka.

"Toka! Wewe tulikuzika!"

"Mama mkubwa, mzimu gani anageuza chapati? Chukua hii, ya bure."

Akakataa kuipokea mkononi mwangu. Akasema niiweke chini.

Ndipo akanieleza. Yule jambazi wa dhahabu aliyetangazwa na redio zote, aliyepigwa risasi Mafubira, picha yake ilifika huko Namatala kwenye simu za watu, na sura ni yangu kabisa. Polisi hawakutoa maiti. Basi mkakata mgomba uwe mwili wangu, mkauvisha shati langu la shule, mkauzika nyuma ya nyumba. Shati lenyewe lilikuwa linanibana kwapa, lakini asanteni.

Mimi simu yangu iliibwa, namba zenu zikaenda nayo. Siku zote hizo nilikuwa hapa hapa jikoni naunguza vidole. Kuna afande hununua kwangu. Nilipomsimulia, alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Nataka kuja, Mama. Lakini mila naijua: aliyezikiwa mgomba hakanyagi kizingiti mpaka ufukuliwe. Mwambie baba mdogo ashike jembe.

Nisalimie yeye, na bibi mzaa baba, na shemeji aliyechimba kaburi. Nasikia alichimba vizuri.

Jirani alipokuwa anaondoka nilimuuliza, mzaha tu, nani alianza kunilia. Akasema watu walikuwa wanabishana juu ya ile picha, huyu anasema ni mimi, huyu anakataa. Wakaja kukuonyesha wewe. Ukaitazama, ukasema, "Ndiye. Nilijua atafika huko."

Mengine yote nimeyacheka, Mama. Hilo nimeshindwa.

Ni mimi,
Mafabi wako