Kazi ya Kuogopwa

Baba Wakesho,

Ile sinema yako imefika Voi. Najua ungekuwepo ungeanza kupiga shati pasi tangu asubuhi. Mimi nilipoambiwa nilikaa kwenye kigoda nikasahau ugali motoni.

Wakesho sasa yuko darasa la pili. Malaria ilipokuchukua, alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Hakukumbuki, hata kidogo. Picha yako tuliyo nayo ni ile ya kipande, kitambulisho cha mkoloni, umekunja uso utadhani umekamatwa. Basi aliposikia shuleni kwamba baba yake yumo kwenye sinema, hakunipa nafasi ya kupumua. "Mama, nataka kumwona baba." Asubuhi hivyo, jioni hivyo.

Mama yako akakataa katakata. Mpaka leo anasema sinema ndiyo iliyokuua, kwamba mtu akililiwa akiwa hai ameitiwa kifo. Unamjua mama, akisema amesema.

Na mimi, kusema kweli, sikuwa na hamu. Nilikuwa nakumbuka siku uliyorudi kutoka shamba la katani unacheka peke yako njiani. "Mama Wakesho, nimepata kazi ya kuogopwa." Nikakwambia kazi hiyo umeifanya bure tangu ukoloni. Ukanieleza hadithi yenyewe: uhuru umekuja, na memsahib, mke mzungu wa mwenye shamba, anamwogopa mpishi wake. Mpishi, ndiye wewe, hana neno, anapika, anafua, anapiga pasi. Lakini kila akikata kitunguu, memsahib anaona ni shingo yake inayokatwa. Mwishowe anakataa kula, anakonda na meza imejaa, na bwana wake anakupiga risasi kwa kosa la kubisha hodi na chai. "Zimwi liko kichwani mwa memsahib," yule mzungu mwenye sinema alikwambia, "wewe pika tu." Ukayapenda sana maneno hayo. Ukasema angalau mmoja wao ameona.

Halafu yale mazishi yako ya kwenye sinema, jamani! Wanawake wa Kaloleni waliandikwa kulia kando ya jeneza, na wao walijua ni mchezo. Wale mama wa mlimani Sagalla nani aliwaambia? Walikuwa wanashuka sokoni, wakasikia kilio. Sasa nani kwetu anasikia kilio akapita? Wakaja na kuni zao, wakaja na maji, maji yenyewe unayajua yanatekwa wapi, wakatua vyote pale kwa ajili ya matanga yako. Wakakulilia kweli kweli. Mzungu anapunga mikono waache, wao wanazidi. Ukaona haya, ukainuka ndani ya jeneza uwaambie hujafa. Wee! Walitimua mbio kuni zikabaki. Na wewe nyuma yao na rangi nyekundu kifuani, "Mama zangu, ni mimi, ni mzima!" Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye vumbi.

Lakini ulipokufa kweli, baadhi ya mama wale hawakuja. Walisema machozi yako yalishatoka. Iliniuma, sikufichi. Mama yako ilimuuma zaidi, na nadhani ndiyo maana alikuwa hataki hata kusikia neno sinema.

Wakesho akazidi kulia. Siku moja nikamwambia mama, kwa adabu, lakini nikamwambia: mtoto huyu ana haki ya kuuona uso wa baba yake. Jumamosi mchana nikamkuta mlangoni amejifunga leso yake ya kanisani, ananiuliza kama tunakwenda au tunalala.

Madirisha ya ukumbi ilimoonyeshwa sinema yalizibwa kwa blanketi. Ukatokea. Ni wewe, bega lako moja limeshuka, unafuta mikono kwenye aproni. Mama akanibana mkono nikaumia. Watu walimcheka memsahib mpaka basi; akiisukuma sahani, ukumbi mzima unampigia kelele, "Kula, mama, hana neno!" Wakesho hakucheka. Alikuwa anakutazama wewe tu.

Kisha ukafungua mdomo. "Ndiyo, memsahib."

Haikuwa sauti yako. Walikutilia sauti ya mtu mwingine, nzito, kama inatoka shimoni. Hasira niliyoshikwa nayo! Mtu ametengeneza sinema nzima kusema mpishi hatishi, halafu yeye mwenyewe anaona sauti ya mpishi haitishi vya kutosha. Hata yeye, Baba Wakesho. Hata yeye.

Wakesho akanigeukia. "Mama, baba alikuwa anaongea hivyo?"

Mama yako akasimama. "La! Mwanangu hakuwa na sauti hiyo." Watu wakamwambia akae. Hakukaa. Kila midomo yako ilipocheza pale ukutani, yeye aliyarudia maneno yako juu ya lile dude la sauti, kwa sauti yako ile nyembamba, ya haraka, yenye kicheko mwishoni. Mwanzo watu walinung'unika. Baadaye ukumbi mzima ukamsikiliza yeye. Na Wakesho, macho kwako, masikio kwa bibi yake, nikamwona anatikisa midomo naye.

Pumzika, mume wangu. Uso wako ameupata. Sauti yako tutamfundisha, mama na mimi, na mama akitangulia nitabaki naifundisha peke yangu, hata kama kile kicheko cha mwishoni bado kinanishinda.

Mkeo,
Mama Wakesho