Wimbo wa Ndani Nilioupandisha Jukwaani

Somo yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii tena, lakini mkono wangu haujui kuanza vingine na wewe. Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nakuandikia kwa sababu nina hofu. Na naandika wazi, asomaye asome, maana siri yenyewe nimeshaimwaga.

Unakumbuka kile chumba cha nyuma pale kwetu mtaa wa Gerezani, chenye dirisha linalotazama karakana? Ndimo ulimoniweka ndani siku saba nilipovunja ungo. Nilikuwa nimekonda, na mdomo wangu ulikuwa hivi hivi ulivyo sasa, haufungi. Ulinifundisha kuoga, kukaa mbele za watu, na kujibu wakubwa. Kunyamaza ndiko kulikotushinda. "Weye mtoto mdomo utakuponza," ulisema, kisha ukacheka mwenyewe.

Siku ya mwisho waliingia makungwi wenzako, mkafunga mlango, mkanizunguka. Mkaniimbia ule wimbo mliotoka nao Kilwa. Makofi mawili, kimya, kofi moja. Mwali hujibu mara ya tatu, na kila mwanamke aliyewahi kuimbiwa humwitikia. Wanaume walikuwa barazani wanakunywa kahawa, nanyi mkaagiza redio ifunguliwe mpaka mwisho ili wasisikie hata herufi. Nililia, na mpaka leo sijui nililia nini. Ulinifuta kwa upindo wa kanga yako ukaniambia, "Haya ni ya ndani, mwanangu. Yanabaki humu humu."

Sasa nikuambie nilichofanya.

Bado nauza magauni ya mitumba Mchikichini, lakini jioni nilijiunga na kikundi cha maigizo. Ungenicheka. Mwanamke mzima, mama wa Zuhura, nakimbizana na vijana jukwaani! Tulikuwa tunaandaa mchezo wa nyimbo na ngoma kuhusu historia ya watu Weusi na Walatino wa Amerika: waliopakiwa melini kama magunia, waliokutwa kwenye ardhi yao wakafanywa vibarua, na jinsi walivyochanganyika katika mashamba ya miwa, bandarini na mijini mpaka wakawa majirani na ndugu. Nilijua ungeuliza, "Na hao wa ng'ambo wanatuhusu nini sisi?" Mimi pia niliuliza. Beda, mwongozaji wetu, alinijibu hivi: "Dada, walinyang'anywa kila kitu, hata majina. Wimbo tu ndio haukupekuliwa."

Maneno hayo yaliniingia. Akataka kila mmoja alete wimbo wa kwao, ili tupate sauti ya wanawake waliofungwa tumboni mwa meli. Wenzangu walileta nyimbo za kutwanga na za kubembeleza watoto. Nyimbo nzuri, lakini hazikufika kule alikotaka Beda. Ilipofika zamu yangu, somo, nikapiga makofi mawili, nikanyamaza, nikapiga moja.

Nilibadilisha maneno yote. Nataka ujue hilo. Nilijidanganya kwamba siri iko kwenye maneno, na kwamba sauti na makofi ni hewa tu, havina mwenyewe. Beda aliruka juu: "Hapo hapo! Usiguse kitu!" Nami nikavimba kichwa.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Mashuka tuliyoyafanya matanga yakashuka, taa zikafifia, nikaanza. Mara ya tatu nilipofika pale pa kujibu, nilijibiwa. Hakuwa mwenzangu wa jukwaani. Ilitoka chini, safu ya tatu, sauti nzito ya mwanamke mtu mzima, kisha nyingine kushoto, kisha nyingine huko nyuma kabisa. Waliitikia bila kukusudia, kama mtu anavyoitikia hodi. Halafu wakakumbuka walipo. Nilimwona yule wa safu ya tatu akijiziba mdomo kwa kanga, akimtazama mwanamume aliyekaa ubavuni mwake. Alikuwa Bi Mwanahawa, somo. Yule uliyekuwa unashika naye ngoma miaka yote, na mwanamume yule ni mkwewe. Mkwewe, somo! Aliinuka akatoka, na wengine wanne wakamfuata.

Waliobaki walisimama kutupigia makofi. Vijana walinivamia mlangoni: "Dada umeua! Umetisha!" Baba mmoja muuza vipuri alilia waziwazi, akasema hakujua kuwa watu wale walioko mbali hivyo wana uchungu anaouelewa. Nami nilifurahi, sitakudanganya.

Wiki hiyo yote sikuwa mtu. Wanawake wa Mchikichini niliozoea kutaniana nao wakawa wananisalimia kwa kidevu. Siku moja napita Kariakoo kufuata mifuko, nikasikia makofi mawili, kimya, kofi moja. Duka la simu. Mtu alirekodi ukumbini, na sasa spika kubwa ya barabarani ilikuwa inauimba wimbo wetu ili kuita wateja. Nilimwambia muuzaji, "Kaka, zima hiyo." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mbona iko kila sehemu?" Nikasimama pale nimeshika mifuko yangu, sijui niende wapi.

Hofu yangu kubwa ni Zuhura. Amevunja ungo mwezi uliopita, na hakuna wa kumcheza unyago ila Bi Mwanahawa na wenzake. Siku ile ya kwanza nilimwacha nyumbani makusudi. Nilimwambia viti vimejaa. Unaona? Nilijua. Mtu asiyejua hamfichi mwanawe.

Juzi Bi Mwanahawa aliniita kwake. Nilipiga magoti mlangoni nikaamkia. Aliitika "Marahaba," akaishia hapo, bila "mwanangu".

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna, bibi."

"Wale uliokuwa unawaigiza, walivuka bahari na pingu na nyimbo zao wakazificha. Wewe nani alikufunga pingu?"

Mdomo wangu ule nikautumia kuomba tu. Nikamwomba anipige, anitoze, anifukuze, ila asimwache mwanangu. Nikamwambia Jumamosi tunacheza tena, na wimbo nitautoa. Akatikisa kichwa taratibu. Hasira zilikuwa zimemwisha, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Utoe uupeleke wapi? Maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto hana kosa, tutamcheza. Tutamweka ndani siku zake saba kama ulivyowekwa wewe. Ila ule wimbo hatutamwimbia. Si wa ndani tena."

Nikamwuliza watamwimbia nini badala yake. Akasema, "Tutafunga mlango, tutakaa naye kimya."

Ndivyo ilivyo, somo. Tangu mama zenu Kilwa mpaka kwako, kutoka kwako mpaka kwangu, hakuna mwali aliyekosa wimbo ule. Wa kwanza kuukosa ni mwanangu. Nimeona nikwambie mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikuombi uniombee kwao, nao wamenitendea haki. Nakuomba tu usiseme kwamba hukunifundisha. Ulinifundisha vizuri, mimi ndiye niliyetoka na kisichotoka.

Jana usoni pa Zuhura niliona ameshasikia minong'ono. Akaniuliza, "Mama, ni wimbo gani huo wanaousema?" Nilifungua kinywa nimwimbie pale pale jikoni, nikashindwa. Mama hamwimbii mwanawe, mwimbaji ni somo. Kwa hiyo wimbo sikuutoa, na nimemkatia tiketi ya Jumamosi. Atakaa kule chini, katikati ya wanaume wasiomjua, na ikifika mara ya tatu hatajua kwamba ilikuwa zamu yake kujibu.

Lala salama, mama wa pili.

Mwali wako