Harufu ya Kuungua, Njia ya Wajir

Jumamosi, 7 Septemba 1996
Maji ya rejeta, sawa. Oili, sawa. Magurudumu nimeyajaza upepo. Nimefuta kiti cha mbele, ndipo atakapokaa Mama. Madaktari wa macho wako Wajir hadi Alhamisi tu. Wakishaondoka, hakuna ajuaye watarudi lini. Mama ana miaka saba haoni ila mwanga na kivuli. Mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Jioni, nikitoka sokoni kurudi nyumbani mtaa wa Iftin, hapa Garissa, nikasikia harufu ya kuungua. Nikasimama, nikavuta breki ya mkono, nikafungua boneti. Hakuna moshi. Nikaendelea. Ikarudi.

Sijaipenda hata kidogo.

Jumapili, 8 Septemba
Kwa fundi. Amelizunguka gari mara moja, mswaki mdomoni, akatoa hukumu: nakanyaga klachi kama cherehani. Sikatai, mimi ni karani, si dereva wa lori. Lakini harufu ya klachi naijua. Hii si hiyo. Hata kulala chini ya gari hakutaka. Niende polepole, ati. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nimekagua nyaya chini ya dashibodi mwenyewe. Hakuna iliyoyeyuka. Bomba la moshi halina nyasi wala karatasi ya nailoni. Oili haivuji.

Naogopa. Njia ya Wajir si ya kusimama-simama.

Jumanne, 10 Septemba
Leo nimefanya jambo la aibu.

Nilikuwa nampeleka Mama kwa dada yake, akamuage. Amepakata dhiil yake, kile chombo cha kusukwa cha maziwa ya ngamia. Asubuhi alikuwa amekifukiza kwa vijinga vya moto, kama afanyavyo maisha yake yote, maziwa yasiharibike. Njiani harufu ikaja. Nikamkemea. Kumbe ni chombo chako hiki! Nikageuza gari, nikakirudisha nyumbani. Nilifurahi, ukweli ndio huo. Nilitaka sana iwe dhiil.

Mama akaweka mikono mitupu mapajani.

Tukaondoka tena bila chombo. Harufu ileile, kali zaidi. Sikumwomba radhi. Ulimi mzito. Afadhali haya nayaandika kwa Kiswahili, nyumbani hakuna wa kuyasoma.

Kesho asubuhi msafara wa polisi unaondoka. Usipoenda nao huendi. Nimewaza kusema gari limekataa. Sina moyo huo.

Jumatano, 11 Septemba. Wajir
Tumefika. Alhamdulillahi.

Malori manane, gari la polisi mbele, jingine nyuma, sisi katikati. Sheria moja tu: ukiharibikiwa, wenzako hawasubiri. Kila mtu wa Garissa anamjua aliyeachwa nyuma, majambazi wakamkuta.

Harufu ilianza mapema. Nikaendelea kuendesha. Saa nzima ikapita, na ya pili. Gari likawa zito kama linavuta jiwe. Kabla ya mji wa Modogashe Mama akasema, "Simama."

Nikamwambia hatuwezi kusimama.

"Hooyo," akaniita, kama mama zetu wamwitavyo mtoto, "simama. Hii si mti, si mpira, si mafuta. Ni kama kwato ikichomwa. Inatoka nyuma, upande wangu."

Madirisha yote mawili yalikuwa wazi. Kwangu hakuna kitu, ni vumbi tu. Mwanamke aliyefukiza vyombo vya maziwa miaka hamsini, akijua kila mti kwa moshi wake, nami nilimkemea kuhusu harufu.

Nikatoka barabarani. Polisi wa nyuma wakapiga honi, wakanionyesha saa, wakapita. Vumbi lao likatua. Kimya.

Nikamwagia kila gurudumu maji kidogo. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. La nyuma kushoto likalia shwaa! Mvuke.

Nikaweka mawe, nikaachia breki ya mkono, nikaliinua kwa jeki. Halizunguki. Waya wa breki ya mkono umekwama kwa tope kavu na mchanga. Unavutika, haurudi. Breki ilikuwa imeshika siku zote hizi. Na anayeuvuta ni nani? Mimi. Kila nisimamapo nauvuta mpaka mwisho, kwa woga. Hata niliposimama kutafuta harufu, nilizidi kuukaza.

Nikangoja chuma kipoe. Nusu saa ndefu kuliko mwaka. Vichakani kitu kikasogea, nikaganda na spana mkononi. Ngamia. Mama alicheka, alishawasikia kitambo.

Nikaugonga waya, nikalegeza nati yake kabisa. Gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Breki ya kukanyaga iko sawa, nimeijaribu mara tatu. Ya mkono sina tena, ni mawe mpaka Garissa.

Ndani ya gari nikamwomba Mama radhi. Akasema niendeshe.

Modogashe msafara ulikuwa bado kwenye kizuizi, watu wamepangwa mstari, vitambulisho mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani nimefurahia kukaguliwa kitambulisho.

Alhamisi, 12 Septemba
Mama alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Jicho la kulia limepasuliwa. La kushoto halifai tena, daktari amesema limechelewa mno. La kulia, tungoje kesho.

Sili. Sikai.

Ijumaa, 13 Septemba
Baada ya swala muuguzi amemfungua bandeji.

Akatazama ukuta. Akatazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akafika kwangu, akanikodolea. Miaka saba. Nina mvi na kitambi asivyowahi kuviona. Nikajua hanijui.

Akafumba jicho. Akanyoosha mkono, akanipapasa uso kama alivyozoea, paji, pua, kidevu. Akatabasamu. Ndipo akafumbua tena, akaendelea kunitazama, mkono bado uko shavuni mwangu.