Mdogo Wangu Alibadilisha Rezista Zangu Kisirisiri

Mpendwa mshauri, pokea salamu, naomba unisaidie. Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, mwaka wa ishirini na sita huu, nabuni na kuunda kwa mkono ekwalaiza za studio, maboksi ya kurekebisha sauti, zile zenye nobu tatu kwa kila bendi, ya kwanza inachagua sauti ipi uiguse, ya pili inaipandisha au kuishusha, ya tatu inaamua uiguse kwa upana gani, na saketi nachora mwenyewe kwa penseli kisha nazipatanisha kwa masikio yangu haya, maana mashine ya kupimia imezeeka, kila mara inaonyesha mstari umepanda kule kwenye sauti nyembamba wakati mimi nasikia pako sawa kabisa. Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye aliyekuwa akilehemu. Mwezi wa tatu boksi moja lilirudi limeungua fyuzi, nikalifungua, nikakuta rezista, vile vidude vya kupunguza umeme, za bendi ya juu, ile ya sauti nyembamba, si nilizochora mimi, nikafungua mengine sita yaliyokuwa yakisubiri kuchukuliwa, yote vilevile! Nilipombana akasema, "Kaka, nabadilisha miaka mitatu sasa, sikutaka uaibike." Niaibike kwa lipi? Nilimfukuza palepale mbele ya wateja, nikamwambia sikio halipiti kichwa, akaweka koleo lake mezani akaondoka bila kunijibu, au kama alijibu sikumsikia. Tangu hapo nimeunda kumi na moja peke yangu, kwa mchoro wangu halisi, na tisa zimerudishwa, eti zinachoma masikio, nami najua ni yeye anapita studio kunichafulia jina, kikulacho ki nguoni mwako. Mama yuko upande wake, mke wangu naye kila siku ugomvi wa redio, eti naifungulia mtaa mzima. Niambie, nimshitaki au nimwachie Mungu?

Fundi Aliyesalitiwa

Fundi, nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Pole, maana naona unaipenda kazi yako. Lakini nani amekusaliti? Mashine inasema sauti nyembamba zimezidi, wateja tisa wanasema hivyohivyo, mkeo analia na redio, na wewe bado unatafuta mchawi! Masikio yako yamechoka, ndugu yangu. Sauti za juu huzisikii, kwa hiyo unaziongeza mpaka uzisikie, na sisi wengine tunaumia. Mdogo wako aliligundua hilo zamani. Alikosea kukuficha, sikatai, ila nimeona ulivyompokea alipothubutu kusema. Sifa ulizokula miaka mitatu zilikuwa za masikio yake, ukamlipa kwa kumdhalilisha mbele za watu.

Sasa sikiliza. Usiuze boksi lingine hata moja. Wiki hii nenda hospitali ukapimwe masikio, na usibishane na daktari kama unavyobishana na mashine yako. Kisha mfuate mdogo wako huko aliko, usimtume mama, umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe. Kuchora bado unaweza, kazi ya kusikiliza mwachie yeye, kama atakubali kurudi. Asipokubali usimlaumu, mimi mwenyewe sijui kama ningerudi. Na akikujibu kwa sauti ya chini, usijifanye umesikia. Mwambie arudie.