Mapumziko ya Mama Msimu wa Salfa

Jumatatu, 9 Juni. Masasi

Nimeosha vyombo. Nimechemsha maji. Nimefagia kwa kunyunyiza kwanza ili vumbi lisipande. Mama amegonga kikombe mara nne tangu asubuhi. Siku hizi ndivyo anavyoniita, kijiko kwenye kikombe cha bati, kwa sababu sauti yake haifiki hata mlangoni. Dozi ya kifua kikuu alishaimaliza. Daktari anasema ugonjwa umekwisha ila mapafu yamebaki na makovu. Apumzike, apate hewa safi. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya vumbi. Cherehani yake imefunikwa kanga tangu Januari.

Jana kwa jirani tuliangalia kipindi cha Korea, huko mashambani. Vilima vya chai vimejipanga kama mistari ya daftari. Watu wanatembea polepole msituni, wanakaa, wanapumua. Mwanamke mmoja aliyewahi kuugua alisema haendi pale kufanya chochote, anakwenda kuangalia kijani tu. Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia Baba kwamba Mama naye aende kwenye kijani. Akacheka. "Korea hatufiki, Somoe. Kwa mjomba wako Kitangari tunafika." Alikuwa anatania. Mimi sikutania. Nimemfuatafuata hadi jioni, amekubali.

Wazo ni langu. Ninajivunia kidogo.

Jumatano, 11 Juni. Kitangari

Tumefika, Mama na mimi. Gari lilipoanza kupanda kwenda Newala Mama alifungua kioo mwenyewe. Hewa ya baridi. Akaweka uso wake pale na kufumba macho.

Mjomba Ahmadi, kaka yake mkubwa, amechinja kuku. Ametoa amri mbele ya watu wote: Mama asishike jembe, asitwange, asisogelee moshi wa jikoni.

"Hapa una kazi moja, Mama Somoe. Kukaa."

"Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kaka," akasema Mama. Wakacheka. Mama alicheka bila kukohoa.

Ijumaa, 13 Juni

Kijani kila upande. Mikorosho ya Mjomba ni mikubwa, matawi yamelala hadi chini, ukiingia ndani ni kama chumba. Maua yameanza. Hapa juu maji ndiyo shida, lakini tangi la mvua bado limejaa.

Jana Mama alitembea hadi mkorosho wa tatu. Leo hadi wa sita, akapumzika mara moja. Amekohoa mara kumi na moja kutwa. Ninaandika kila kitu. Zuhura, binti wa Mjomba, tuko rika moja, ananicheka. "Unamwandikia nani, polisi?"

Nimejaribu kusoma Baiolojia. Siwezi kutulia. Kila nikisoma ukurasa ninanyanyuka kwenda kumwangalia.

Jumapili, 15 Juni

Nimekosa. Nimekosa vibaya.

Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, nilisikia mashine. Nikatoka. Mjomba alikuwa katikati ya mikorosho na mashine ya kupulizia mgongoni, kitambaa puani, na wingu la unga wa njano linapanda hadi juu ya miti. Salfa. Harufu ya kiberiti. Macho yananiwasha hadi sasa. Upepo ulipogeuka wingu likaja nyumbani taratibu, likaingia kwenye dirisha la Mama.

Zuhura alikuwa anajaza ndoo. Akaniuliza, bila ubaya, "Hivi nani aliwaambia mlete mgonjwa wa kifua msimu wa salfa?"

Ni mimi. Siwezi hata kusema sikujua. Nimezaliwa Masasi. Ninajua salfa tangu nikiwa mdogo, ninajua ni mwezi wa sita, ninajua maua yasipopulizwa yanashikwa na ugonjwa wa unga mweupe na korosho hakuna. Kila mtu anajua. Lakini nilipofikiria huku nilifikiria kijani tu. Kwenye televisheni hakuna mtu aliyekuwa na mashine mgongoni.

Jumatatu, 16 Juni

Mama anakohoa ndani ya kanga ili asisikike. Nimeikuta kanga chini ya mto, imelowa. Nimemwuliza kama alijua.

Alijua. Baba alisahau, yeye hakusahau.

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Sijakuona na furaha tangu niugue."

Nikasema nitamwambia Mjomba. Akanishika mkono kwa nguvu, sikujua bado ana nguvu hiyo. "Usithubutu. Nije nyumbani kwa kaka yangu nile kuku wake, halafu nimwambie aache shamba lake? Korosho za unga huo ndizo zilizolipa ada yako."

Nimetii. Sipendi kutii hivi.

Jumanne, 17 Juni

Kikohozi mara thelathini na nne. Halafu niliacha kuhesabu.

Jumatano, 18 Juni

Leo hakupuliza Mjomba. Alipuliza jirani wa kulia na jirani wa chini. Mashine mbili kwa pamoja. Nimelowesha kanga na kuziba dirisha. Nimeweka nyingine chini ya mlango. Mama amekaa kitandani ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kutoka kitandani hadi mlangoni hafiki. Masasi alikuwa anafika.

Mjomba anauliza mgonjwa vipi. Mama anajibu kwa kichwa, na kutabasamu. Ameleta papai. Anafikiri Mama analala sana kwa sababu anapumzika.

Ninauchukia ukijani huu. Ninajichukia na mimi. Nimezunguka nyumba sijui mara ngapi. Zuhura ameniambia nikae chini, namtia kizunguzungu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemwambia.

Nilimkuta anajaza mafuta kwenye mashine. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikapiga magoti palepale kwenye majani na maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Nikasema tu: "Mjomba, salfa inamwua Mama."

Aliweka dumu chini. Akaniambia nirudie. Nikamweleza kila kitu, kanga iliyolowa, dirisha, na Korea nayo. Nilimwonyesha daftari. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama, kidole chake cha njano kinafuata tarehe.

Akaenda moja kwa moja hadi dirishani kwa Mama. Sijawahi kumsikia akimfokea.

"Mimi ni kaka yako au mpita njia? Unakufa kwangu kwa adabu?"

Mama alilia. Mjomba naye akageuka akatazama pembeni.

Nilidhani atafunga mashine na mambo yatakwisha. Hayakwisha. Akiacha yeye kupuliza wiki tatu, majirani hawawezi kuacha, na maua hayangoji. Kurudi Masasi, ni vumbi lile lile. Akatazama chini kwenye mteremko. Kisha akasema, "Bondeni hakuna mkorosho."

Bondeni ni kwenye chemchemi, chini kabisa, ambako wanawake wanateka maji tangi likikauka. Anaishi huko Bibi Mdogo, mdogo wake marehemu bibi yangu. Analima mpunga, migomba na miwa. Mteremko ni mkali. Mama ataushukaje? Na akizidiwa huko chini, atapandishwaje?

Mimi ndiye niliyechagua mara ya kwanza. Safari hii nimewaachia wao.

Ijumaa, 20 Juni

Tumeshuka kabla mashine hazijaanza. Mjomba alimkalisha Mama nyuma ya baiskeli, kwenye kiti cha kubebea madumu, akamfunga na kanga mbili kiunoni kama dumu lenyewe. Yeye aliishika baiskeli kwa mbele, akitembea kinyumenyume, akiizuia kwa kifua chake. Zuhura na mimi tuliivuta kwa nyuma kwa kamba. Tulisimama kila kona. Godoro lilikuwa kichwani kwa Zuhura muda wote na hakulitua.

"Shikilieni," Mjomba akasema, "mzigo huu hauuzwi."

Mama akasema kitu. Sauti haikutoka, lakini Mjomba alicheka, kwa hiyo alisikia.

Mikono yangu imechunika. Siandiki zaidi.

Jumapili, 22 Juni. Bondeni

Hakuna mabadiliko. Bibi Mdogo anasema nimwache mwanawe alale, nisimsimamie kama askari. Nimemwacha. Nimekwenda kukaa kwenye maji. Nimerudi baada ya dakika tano.

Alhamisi, 26 Juni

Mara tisa. Amekula wali na kisamvu, amemaliza.

Jumapili, 29 Juni

Ametembea hadi kwenye migomba akishika bega langu. Alirudi bila kulishika. Asubuhi, ukisikiliza sana, mashine zinasikika huko juu kama nyuki. Mama alisimama akasikiliza. Akasema kaka yake mwaka huu atapata. Nikamwambia samahani. Akaniuliza, ya nini? Sijui kama hakuelewa au hakutaka nirudie.

Jumatano, 2 Julai

Bibi Mdogo amekwenda kwenye mpunga. Nilibandika maharage, nikavuka kijito kwenda kufua sare ya shule. Shule inafungua wiki ijayo. Majani ya mianzi yalikuwa yanadondoka majini na nilikuwa nimesahau kila kitu, hata maharage.

"Somoe!"

Niliinua kichwa. Nilidhani ni mtu mwingine.

"Somoe! We Somoe! Chungu kinaungua, umelala?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ng'ambo ya kijito, mkono kiunoni. Nilimsikia kila neno. Nilipaswa kukimbia. Nilisimama tu na sare mkononi, maji yanachuruzika miguuni, nikamwacha aite mara ya tatu.

Maharage yameshika chini. Tumeyala hivyo hivyo.