Ndege wa Kifua Chekundu

Sparkhill, Birmingham
12 Oktoba 1969

Kaka Mwinjuma,

Salamu zikufikie wewe, binti yako Mwatima na majirani wote wa Kibokoni. Mimi na Indu wazima, ila baridi imeanza kutushika mifupa na watu wanasema hii bado si yenyewe. Mgongo wako je? Bado unakusumbua ukiinamia kazi?

Nina habari ya kukuchekesha. Nimerudi kwenye kamera. Mwaka na nusu nimekuwa mtu wa mashine tu, kule kiwandani Nechells, nakata bati tangu asubuhi, narudi nyumbani sina hamu hata ya kuongea. Basi Jumapili moja nimesimama kwenye daraja la reli, nikamwona mbweha. Mbweha, kaka! Katikati ya mji, anaota jua kando ya reli kama mwenye nyumba. Nikakimbia kuchukua kamera yetu ya studio, nikarudi, naye bado yupo. Moyo ulinidunda kama siku ile nilipompiga picha bi harusi wa kwanza nikasahau kutia filamu. Ulivyonicheka!

Tangu hapo kila Jumapili niko nje. Nimempata korongo kwenye mfereji, na kalunguyeye, yule mdogo wa miiba, kwenye bustani ya jirani yangu Jagjit. Nalala kifudifudi kwenye majani mabichi, Indu anasema nimerukwa na akili. Lakini nikimsubiri mnyama saa mbili, saa tatu, nasahau kiwanda, nasahau kile kibali cha biashara tulichonyimwa Mombasa kwa kuwa ni Wahindi, nasahau kwamba studio yetu imefungwa. Sina furaha nyingine hapa, sikufichi.

Nakuletea huyo mbweha, picha nyeusi na nyeupe, umpake rangi, kama tulivyofanya miaka ishirini, mimi napiga, wewe unapaka. Maelezo nimekuandikia nyuma ya picha. Mgongo rangi ya matofali mapya, kifua cheupe, miguu myeusi, ncha ya mkia nyeupe.

Mdogo wako,
Rajni


Kibokoni, Mombasa
3 Desemba 1969

Mdogo wangu Rajni,

Nimepokea salamu, nami nakurudishia mara mbili. Sisi hatujambo, joto tu limetukaba. Mwambie shemeji Indu achari zake za maembe tumezikosa, na Mwatima amejaribu kutengeneza ikawa balaa.

Ati mbweha! Mtu amevuka bahari nzima kwenda kupiga picha mbwa wa jalalani. Hata hivyo nimempaka, na wallahi nimempaka kwa mapenzi. Tazama masikio yake.

Sikiliza, nikwambie ukweli. Tangu ufunge studio, watu hawaniletei kazi. Sasa kuna filamu za rangi, picha inatoka imeshapakwa, mkono wangu wa kazi gani? Nilikuwa nakaa barazani kama mzee asiye na mjukuu. Picha yako ilipofika nilitoa sanduku la rangi, nikakunja pamba kwenye kijiti, Mwatima akasema, baba leo umevaa shati safi. Lete nyingine. Macho yana ukungu kidogo asubuhi, lakini yakishapata moto yanakwenda.

Kaka yako,
Mwinjuma


Sparkhill
15 Machi 1970

Kaka yangu,

Natumaini ukungu wa macho umekwisha. Hapa theluji imeyeyuka, na Indu alikuwa na kifua lakini sasa hajambo.

Mbweha wako nilimwonyesha Jagjit, akatafuta miwani yake. Kisha nikampeleka mbweha huyo kwenye klabu ya wapiga picha, pale nilipo peke yangu kati ya Wazungu watupu. Katibu akamshika kwa ncha za vidole, akauliza nani amepaka. Nikasema, kaka yangu, yuko Mombasa. Mwezi wa nane wana maonyesho maktaba, wanataka picha mbili tatu zetu. Sharti wawe wanyama na ndege wazaliwa wa hapa hapa. Kuna kindi wa kijivu kila mti, mzuri, lakini hakubaliwi, aliletwa kutoka ng'ambo na wanamsema kila siku. Nilicheka mpaka katibu akauliza kuna nini. Mgeni wa kijivu hatakiwi, mgeni wa kahawia ndiye mpiga picha!

Nakuletea wawili. Wa kwanza ni ndege mdogo, ukichimba bustani anakuja kusimama kwenye mpini wa koleo, hana woga hata chembe. Kifua chake chekundu cha kuelekea chungwa, mgongo rangi ya udongo. Nilimsubiri asubuhi tano. Alipotua na kunitazama, nilijiona kama nimekaribishwa, mara ya kwanza tangu nishuke ndegeni. Wa pili ni mdiria, yule mla samaki, huyu unamjua, lakini wa huku mgongo buluu kali, tumbo chungwa.

Mdogo wako,
Rajni


Kibokoni
20 Juni 1970

Mdogo wangu,

Hujambo wewe? Indu hajambo? Sisi tupo, tunashukuru.

Ndege wako hao, wawili. Nimewafanyia kazi wiki tatu. Utaona mwandiko wangu umepanda mlima, usiujali, kalamu mbaya.

Sasa nina ugomvi na Mwatima, nakufanya wewe hakimu. Anasema macho yangu yanakufa. Eti nilimwaga chai nje ya kikombe, eti nilimsalimu mwenye duka nikidhani ni shehe. Kuna daktari wa macho amekuja kutoka Nairobi, atakaa mpaka mwisho wa mwaka, na Mwatima ananivuta kanzu kila siku. Mimi nimemwambia, macho yangu yanajulikana kwa kazi yangu, na kazi yangu anaijua Rajni peke yake. Daktari akinikuta na kasoro atanikataza rangi, nitakufa barazani. Kwa hiyo sema wewe. Ukiniambia rangi zimekosea, kesho yake naenda, naapa. Ukisema ziko sawa, Mwatima ataniacha nipumzike.

Kaka yako,
Mwinjuma


Sparkhill
30 Agosti 1970

Kaka Mwinjuma,

Pokea salamu za mimi na Indu. Tu wazima. Nisamehe kuchelewa, zamu zimekuwa nyingi.

Ndege wamefika salama. Mwambie Mwatima asiwe na wasiwasi. Rangi ziko sawa kabisa, mkono wako ni ule ule. Zimetundikwa maktaba, ukutani, karibu na mlango, na watu wanasimama. Mama mmoja mzee alisema hajawahi kumwona ndege huyo akiwa hivyo.

Kwa sasa sitakuletea nyingine, filamu zimeniishia. Pumzika kidogo.

Mdogo wako,
Rajni


Kibokoni
8 Novemba 1971

Mdogo wangu Rajni,

Salamu sana. Ukiuona mwandiko huu mzuri, jua si wangu, ni wa Mwatima. Mimi nasema, yeye anaandika. Indu hajambo? Umekaa kimya mwaka mzima, au umepata mbweha wengine wa kuzungumza nao?

Macho yamekwisha, Rajni. Ramadhani ya mwaka jana nilikuwa naona mlango. Sasa mlango naujua kwa upepo. Daktari wa Nairobi alikwisha ondoka, tukangoja mwingine mpaka mwezi uliopita. Huyu amesema ni presha ya macho, imeua mshipa, na mshipa ukifa haufufuki. Akauliza, mbona hamkuja mwaka jana? Mwaka jana palikuwa na dawa ya kuyashikilia yaliyobaki.

Barua yako ile ninayo mfukoni. Nilimsomea Mwatima mara ngapi sijui, kila aliponivuta kanzu. Hospitali ya nini, kazi yangu imetundikwa Uingereza! Sasa Mwatima mwenyewe ameniambia jambo ambalo limeninyima usingizi. Anasema yule ndege mdogo, kabla sijamfunga kwenye bahasha, yeye alimwona, na kifua kilikuwa kijani. Anasema alinyamaza kwa sababu wewe ulikuwa ndiye hakimu, na uliposema ziko sawa akadhani Ulaya kuna ndege wa hivyo.

Nimemwambia Rajni hawezi kunidanganya kwenye kazi. Kwenye mambo mengine yote, ndiyo, lakini si kwenye kazi. Nijibu neno moja tu. Kifua kilikuwa rangi gani?

Kaka yako,
Mwinjuma


Sparkhill
16 Januari 1972

Kaka yangu Mwinjuma,

Salamu, na kwako Mwatima unayesoma. Soma yote tafadhali, usiruke neno.

Kilikuwa kijani. Mdiria mgongo wake ulikuwa chungwa na tumbo buluu, ulikuwa umemgeuza. Nilipofungua bahasha Indu aliziba mdomo kwa mkono. Tulikaa mezani tukiwatazama ndege wale mpaka chai ikapoa.

Maktaba hawakuwaona. Hapana mama mzee. Wako kwenye sanduku la viatu juu ya kabati.

Nimeandika barua hii mara nne nikijitafutia sababu. Nilisema ni adabu, mdogo hamwambii mkubwa wake amekosea, na wewe miaka ishirini hakuna aliyekusahihisha. Hiyo ni kweli lakini si kweli yote. Niliogopa, kaka. Daktari angekukataza rangi, na mimi ningekuwa napiga picha kwa ajili ya nani? Kwenye mvua ya huku nilikuwa nalala chini kwa sababu nilijua kuna mtu anangoja. Nilitaka uendelee kungoja. Nikakunyima macho yako ili nisikose Jumapili zangu.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nikipata njia nitakuja nikuombe nimekaa chini mbele yako, lakini wewe unajua na mimi najua kwamba njia hakuna.

Rajni


Sparkhill
24 Septemba 1972

Kaka Mwinjuma,

Salamu zangu. Miezi minane sijapata jibu, na siulizi kwa nini. Jagjit amempokea shemeji yake, aliyefukuzwa Uganda pamoja na Wahindi wengine, na watoto wanne, mtaa mzima umejaa masanduku na vilio, na kila mmoja ananiuliza Mombasa kukoje.

Jana mtu wa posta alileta kifurushi. Nimeujua mwandiko wa Mwatima kwenye anwani. Nikatafuta barua ndani, nikakung'uta mpaka karatasi ya kufungia. Hapana hata mstari. Ni sanduku lako la rangi, vijiti vimefungwa kwa uzi, pamba mpya haijatumika.

Sijui umenipa au umenirudishia. Indu anasema umenipa. Mimi nimezitoa tyubu zote nikazipanga mezani, mojamoja, kama ulivyonifundisha. Ya kijani imekamuliwa mpaka imekunjwa, haina kitu. Ya rangi nyekundu imejaa, kifuniko chake hakijafunguliwa.

Yule ndege bado anakuja. Asubuhi hii alisimama kwenye koleo akanitazama, nami sikunyanyua kamera.

Mdogo wako, kama bado,
Rajni